Kisanduku Ndani ya Lori: Tujue Pini Zake Kabla ya Kuhukumiwa



Katika malori ya miwa, matrekta ya majani ya chai, magari ya kubebea wafanyakazi na matangi ya mafuta yanayopita barabara ya Malaba kwenda Kampala, siku hizi mna kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Mara nyingi kimefichwa nyuma ya dashibodi. Ndani yake mna simu, kwani kinatumia kadi ya simu kama ile iliyomo mfukoni mwako. Lakini simu hii haizungumzi na dereva. Inazungumza na ofisi. Kila baada ya muda mfupi inapeleka habari: gari liko wapi, linakwenda mwendo gani, ufunguo umefunguliwa au umefungwa, na pengine mafuta yaliyobaki ni kiasi gani.

Sisi hatupingi kisanduku hiki. Lori likiibwa, kinasaidia kulipata. Dereva akisingiziwa kwamba alipita njia ya panya, kinaweza kumtetea. Tunachopinga ni desturi inayoenea katika mashamba na viwanda, ya kuchukua karatasi iliyotoka kwenye kompyuta na kuifanya hakimu. Kisanduku hakina macho. Hakimwoni dereva, hakisikii injini, hakinusi dizeli. Kinachojua, zaidi ya kuona setilaiti zake, ni umeme uliofika kwenye pini zake tu. Waya ukiunganishwa mahali pasipo pake, kisanduku kitasema uongo bila kujua kwamba kinasema uongo, na atakayelipa ni mfanyakazi.

Kwa hiyo makala haya yanahusu nyaya, plagi na pini. Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi wa umeme wa magari. Kufunga ni kazi ya fundi, hatukatai. Lakini kujua ni haki ya kila anayeshtakiwa kwa ushahidi wa kisanduku hicho.

SIMU YA GARI ILITOKA WAPI

Simu ndani ya gari si jambo la jana. Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis huko Marekani, watu walianza kupiga simu kutoka kwenye magari kwa njia ya redio. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, na kila mazungumzo yalipitia kwa opereta. Mtandao wa simu tunaoujua leo, ule unaogawanya nchi katika vipande vidogo vidogo, kila kipande na mnara wake, ulianza kuhudumia wateja mjini Tokyo mwaka 1979. Wateja wake wa kwanza walikuwa wenye simu za kwenye magari. Nchi za Skandinavia zikafuata mwaka 1981, na mji wa Chicago mwaka 1983.

Wakati huo simu ya gari ilikuwa pambo la tajiri. Hata watengenezaji wa redio za magari waliikumbuka. Katika plagi ya redio iliyokubaliwa kimataifa, wengi wao walitumia pini ya 2 ya sehemu A kwa kazi moja tu: kunyamazisha muziki simu inapoita. Pini ile ilimtumikia mwenye gari. Pini za kisanduku cha leo zinamchunga anayeliendesha.

Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Mwaka 1996 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza huduma ya OnStar, iliyounganisha simu ya gari na mtambo wa setilaiti unaojua gari lilipo. Kuanzia tarehe 31 Machi 2018, Umoja wa Ulaya uliagiza kila aina mpya ya gari dogo iwe na chombo kinachopiga simu namba 112 chenyewe ajali inapotokea. Kwetu huku, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2017 kufuatilia kwa pamoja mizigo inayopita kutoka bandari ya Mombasa, kwa kufuli za kielektroniki zinazopeleka habari kwa mtandao wa simu. Jirani zetu wa Tanzania nao wanafuatilia mabasi ya mikoani kwa vyombo vya namna hiyo, chini ya mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA.

Basi chombo kimefika, na hakirudi kilikotoka. Tukifahamu.

NYAYA TATU ZINAZOBEBA USHAHIDI

Kisanduku cha kawaida kina nyaya tatu za lazima. Wa kwanza ni wa umeme wa kudumu, unaotoka kwenye chanya ya betri na haukatiki hata gari likizimwa. Wa pili ni wa hasi, unaofungwa kwenye bodi la gari au kwenye hasi ya betri. Wa tatu ni wa ufunguo, unaopata umeme pale tu dereva anapofungua swichi.

Katika magari ya Ulaya, nyaya hizi zina namba zilizowekwa na Wajerumani, na fundi yeyote aliyesomea kazi anazijua. Namba 30 ni umeme wa kudumu. Namba 31 ni hasi. Namba 15 ni umeme wa ufunguo. Namba 50 ni umeme wa kuwashia stata. Katika magari ya Kijapani, ambayo ni mengi mashambani, namba hizo hazitumiki. Utaona herufi B kwa umeme wa kudumu, E kwa hasi, IG kwa ufunguo, ST kwa stata, na ACC kwa umeme wa redio na vitu vidogo vidogo.

Je, rangi za nyaya zinatosha kutuongoza? Hazitoshi. Mara nyingi mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, lakini waya wa ufunguo unabadilika rangi kutoka kampuni moja hadi nyingine. Rangi ni desturi, si sheria. Sheria ni karatasi ya mchoro iliyokuja na kisanduku, inayosema pini ya kwanza ni ya nini, ya pili ni ya nini, mpaka ya mwisho. Karatasi hiyo ndiyo msingi wa ushahidi wote utakaotolewa baadaye. Mahali ilipopotea, hakuna anayeweza kuapa kwamba waya wa tatu ni wa ufunguo kweli.

INJINI ILIYOSEMEKANA KUWAKA USIKU KUCHA

Tueleze jambo moja lililofika mezani kwetu. Shamba hatulitaji. Dereva wa lori la mazao alipewa barua ya onyo. Karatasi ya ofisi ilionyesha kwamba usiku mwingi, gari likiwa limesimama yadi, injini yake ilikuwa ikiwaka tangu jioni hadi alfajiri. Ofisi ilipiga hesabu ya dizeli ya saa hizo zote na kuanza kuikata katika mshahara. Dereva aliapa kwamba alizima gari, akakabidhi ufunguo kwa mlinzi na kwenda kulala. Mlinzi naye alithibitisha. Haikusaidia, kwani waliambiwa kwamba kompyuta haidanganyi.

Katibu wa tawi hakubishana na kompyuta. Aliomba karatasi nyingine kutoka kompyuta ile ile, yenye safu ya volti. Visanduku vingi hupima volti za betri kila vinapopeleka habari, ila ofisi huwa hazichapishi safu hiyo kwa sababu hakuna anayeiulizia.

Hapa ndipo penye siri ambayo kila dereva anapaswa kuijua. Betri za lori la volti 24 zikiwa zimejaa, na injini imezimwa, husoma volti 25 na kitu. Injini ikiwaka, altaneta huzichaji, na volti hupanda kufika 27 na nusu au 28. Kwa gari la volti 12, ni 12 na nusu hivi likiwa limezimwa, na kama 14 likiwa linawaka. Hakuna injini inayowaka usiku kucha, altaneta yake ikiwa nzima, volti zikabaki 25.

Karatasi ilipotoka, volti za mchana zilikuwa 28. Volti za usiku, saa zile zile alizoshtakiwa, zilikuwa 25. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimemwachia huru dereva tangu mwanzo, ila hakuna aliyekiuliza swali la haki.

Fundi aliitwa. Akachomoa ufunguo, akaweka mita kwenye waya wa tatu. Ilipaswa kusoma sifuri. Ilisoma volti 25. Aliyefunga kisanduku, kwa haraka yake, alikuwa ameunga waya wa ufunguo kwenye umeme wa kudumu, namba 30 badala ya namba 15. Kwa kisanduku, swichi haikuwahi kufungwa hata siku moja, na kwa hesabu ya ofisi, swichi iliyofunguliwa pamoja na mwendo wa sifuri maana yake ni injini inayochoma mafuta bure. Barua ilifutwa na fedha zikarudishwa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Waya wa ufunguo ukiungwa kwenye umeme wa redio, ACC, umeme huo hukatika kila dereva anapopiga stata, kisha hurudi. Kisanduku kinaweza kuandika kwamba safari iliisha na nyingine ikaanza. Safari moja inageuka mbili au tatu, na dereva anaulizwa alisimama wapi na kumpakia nani.

KISANDUKU KINAPONYAMAZA

Shtaka zito kuliko lile la mafuta ni la kuharibu chombo. Kisanduku kikinyamaza kwa saa nzima, ofisi husema dereva amechomoa waya ili afanye biashara yake. Wapo waliofanya hivyo, hatuwezi kuwaficha. Lakini ziko sababu nyingine za kunyamaza, na nyingi zinaanzia kwenye plagi.

Ya kwanza ni hasi mbovu. Simu haitumii umeme kwa kiasi kile kile wakati wote. Inapopeleka habari kwenye mnara hutumia umeme kwa mishindo mifupi mifupi. Kwa simu za mtandao wa 2G, mkondo ndani ya chombo unaweza kuruka mpaka karibu ampea 2 kwa kila mshindo, kisha ukashuka. Waya wa hasi uliofungwa juu ya rangi au kutu unaweza kulisha kisanduku kinapopumzika, kisha ukashindwa pale pale kinapotaka kusema. Hapo kinajizima na kujiwasha upya, tena na tena. Taa yake inawaka, dereva anaiona, lakini ofisi haisikii kitu. Dawa yake ni ndogo: kukwangua rangi mpaka chuma kitokeze, kufunga kwa boliti na kupaka grisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ya pili ni antena. Kisanduku chenye antena za nje huwa na mbili: moja ya kusikiliza setilaiti, nyingine ya kuzungumza na mnara wa simu. Katika magari mengi yaliyotoka kiwandani na vifaa hivi, plagi za antena zina rangi na umbo maalumu ili zisichanganywe. Ya bluu ni ya setilaiti, ya rangi ya damu ya mzee ni ya simu. Lakini visanduku vingi vya bei nafuu vina plagi mbili za kukazwa zinazofanana kama mapacha. Zikibadilishana, kisanduku kinaweza kukosa kujua kilipo, au kikajua kilipo lakini kisiweze kukisema. Katika hali zote mbili dereva hana alichokigusa.

Ya tatu ni mnara wenyewe. Bondeni katika mashamba ya chai, mahali pengi hapana mtandao. Kisanduku kizuri huhifadhi habari na kuzipeleka baadaye. Ofisi itazame saa ambayo jambo lilitokea, si saa ambayo habari ilifika.

Ya nne ni mitandao inayozeeka. Mwaka 2008 kampuni za simu za Marekani zilipofunga mtandao wa zamani, simu nyingi zilizojengwa ndani ya magari zilikuwa bubu siku hiyo, ingawa magari yalikuwa mazima. Mwaka 2022 mitandao ya 3G ya huko ilipofungwa, yakatokea yale yale. Mwajiri anayenunua visanduku vya mtandao unaokaribia kufungwa ananunua ugomvi wa kesho.

PINI INAYOWEZA KUUA

Hadi hapa tumezungumza juu ya mshahara na kazi. Sasa tuzungumze juu ya maisha.

Visanduku vingi vina waya wa ziada wa kuzimia gari kutoka ofisini. Waya huo hauzimi kitu wenyewe. Unaamuru rilei, ambayo ni swichi inayofanya kazi kwa umeme. Rilei ya gari ina pini zenye namba. Pini 85 na 86 ni za koili, yaani zinapokea amri. Pini 30 inapokea umeme. Pini 87 na 87a ni za kutolea umeme, na tofauti ya hizi mbili ndiyo jambo kubwa.

Rilei ikiwa imelala, bila amri, umeme wa pini 30 hutokea kwenye pini 87a. Rilei ikiamrishwa, umeme huhama na kutokea kwenye pini 87. Sasa fikiri. Fundi akipitisha umeme wa injini kwa 87a, injini itaendelea kuwaka hata kisanduku kikifa, hata fyuzi yake ikikatika. Akipitisha kwa 87, kisanduku kinapaswa kushikilia amri muda wote gari linapokwenda. Siku plagi ikilegea kwa mtikisiko wa barabara, rilei italala, na injini itazimika papo hapo, iwe kwenye mteremko wenye tela la miwa nyuma, iwe kwenye reli, iwe kwenye kona yenye giza.

Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito kwa sababu pampu inayousaidia imesimama. Kwenye lori la breki za upepo, kompresa haijazi tena upepo, na dereva anabaki na ule uliomo kwenye matangi. Kwenye gari dogo, breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha zinakuwa ngumu kama jiwe. Herufi moja, a, imetenganisha safari salama na jeneza.

Hata fundi akitumia 87a, bado kuna hatari ya mtu wa ofisini kubonyeza amri gari likiwa barabarani. Kwa hiyo tunadai jambo la wazi: rilei ikate umeme wa stata, ule wa namba 50, na si umeme wa injini inayowaka. Mwizi atashindwa kuwasha gari likishasimama, na dereva hatazimiwa akiwa mlimani. Kama mwajiri anataka lazima kukata injini, basi chombo kikatae amri hiyo mpaka gari lisimame.

SOKETI YENYE MATUNDU 16

Visanduku vingine haviungwi kwa nyaya tatu tu. Vinachomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Ina matundu 16 katika mistari miwili ya minane minane, na magari madogo yanayouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa nayo tangu toleo la 1996. Pini 4 na 5 ni hasi. Pini 16 ni umeme wa kudumu wa betri. Pini 6 na 14 ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ambazo kompyuta za gari huzungumzia zenyewe kwa zenyewe, kwa njia iliyotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986. Malori mengi ya Kimarekani yana soketi ya mviringo yenye matundu 9 yenye herufi: A ni hasi, B ni umeme wa betri, C na D ni zile nyaya mbili za mazungumzo.

Nyaya hizi mbili si za kuchezewa. Kila mwisho wake una kizuizi cha omu 120, na fundi akipima kati yake gari likiwa halina umeme, kwenye magari mengi husoma omu 60. Kisanduku kilicholetwa na kizuizi chake cha ziada kitashusha kipimo hadi omu 40. Hapo kompyuta za gari zinaweza kuanza kukosana maneno, taa za hitilafu zikawaka, na dereva akaambiwa ameharibu injini.

Jambo la pili ni kwamba takwimu za mafuta zinazotoka kwenye nyaya hizi ni makadirio. Kompyuta ya injini hukadiria dizeli kutokana na inavyopulizia. Haikuipima kwa debe. Na geji ya tangi ni boya linaloelea tu. Lori likiegeshwa kwenye mteremko, kama ilivyo kawaida katika milima ya chai, boya hupanda au kushuka, na kwenye karatasi huonekana kama mafuta yametoweka. Likirudi tambarare, mafuta "yanarudi". Mwizi wa namna hiyo hajazaliwa.

Jambo la tatu ni usalama. Mwaka 2015, watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wangeweza kuingia ndani ya gari aina ya Jeep Cherokee kwa kupitia simu yake ya ndani, wakiwa mbali, na kuliamrisha. Mtengenezaji aliita magari kama milioni 1.4 yarekebishwe. Fundisho ni kwamba kuunga simu kwenye nyaya za mazungumzo ya gari ni kufungua mlango. Asiye fundi asichomeke kitu hapo, awe meneja au utingo.

Na tusisahau fyuzi. Betri za lori zikigusana chanya kwa hasi hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba wa kisanduku huwa kama waya wa jiko. Fyuzi ndogo iwekwe karibu kabisa na mahali waya unapotoka kwenye chanya, si mwisho wa waya karibu na kisanduku, kwani fyuzi hailindi waya ulio nyuma yake. Ukiona waya wa kisanduku umeungwa kwa kusokota na kufunikwa na karatasi ya nailoni, ripoti kwa maandishi.

TUDAI NINI

Tangu mwaka 1996, wataalamu waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikubaliana mwongozo juu ya taarifa za wafanyakazi. Mwongozo huo si sheria, lakini unasema wazi kwamba taarifa zilizokusanywa kwa mitambo ya kuchunga zisiwe ndizo pekee za kupimia kazi ya mfanyakazi. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Chini ya sheria hizi mtu ana haki ya kuomba kuona taarifa zilizowekwa juu yake. Na Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza kwa kosa, akiwa na mwenzake wa kumsaidia.

Kwa msingi huo, kila tawi lipeleke madai haya katika mazungumzo na mwajiri:

1. Kila gari liwe na karatasi ya mchoro inayoonyesha kila pini imeungwa wapi, tarehe ya kufungwa na jina la fundi. Nakala moja ikae katika ofisi ya tawi.

2. Siku ya kufunga, kipimo kifanyike mbele ya dereva: waya wa ufunguo usome sifuri ufunguo ukichomolewa, na usome volti za betri ufunguo ukifunguliwa na hata stata ikipigwa.

3. Rilei ya kuzimia ipitie 87a, na ikate stata tu.

4. Shtaka lolote linalotokana na kisanduku liambatane na karatasi kamili yenye safu ya volti, saa ya tukio na saa ya kupokelewa, kwa siku nzima, si kipande kilichochaguliwa na ofisi.

5. Kabla ya kukata mshahara au kutoa barua, fundi asiye wa kampuni iliyouza kisanduku apime nyaya, na mjumbe wa tawi awepo.

6. Mfanyakazi asibebeshwe gharama ya kisanduku kilichokufa kwa kufungwa vibaya.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwenzetu anayekata waya, au anayefunika antena kwa karatasi ya bati ili apakie abiria, hawadhuru mabosi peke yao. Anampa meneja sababu ya kutomwamini dereva mwaminifu siku kisanduku chake kitakaponyamaza kwa sababu ya kutu. Anayekata waya anakata ushahidi wa wenzake.

Dereva, kila jioni andika katika daftari lako mwenyewe saa uliyozima gari, kilomita zilizosomeka na mahali ulipoegesha, na kama pana mteremko useme hivyo. Mlinzi atie sahihi. Utingo, ukiona plagi inaning'inia au waya umechunika, mwambie dereva, na dereva aandike. Wafanyakazi wa karakana, jifunzeni namba 30, 15, 31, 85, 86, 87 na 87a kama mnavyojua namba za spana zenu.

Katika mkutano ujao wa tawi, chagueni gari moja tu la kuanzia. Mwombeni meneja, kwa barua na kwa heshima, karatasi ya mchoro wa kisanduku chake. Akiwa nayo, isomeni pamoja mkiwa na fundi na mita. Akiwa hana, iandikeni habari hiyo katika kumbukumbu za mkutano pamoja na tarehe, kwani ndiyo itakayokuwa karatasi ya kwanza mtakayoweka mezani siku mwenzenu atakapoitwa ofisini.